Haya ya Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kusikia vibaya. Baba alipopatwa na kiharusi maneno yote yalimtoka, likabaki moja tu, "haya," na mimi kwa miezi mingi nililisikia kama amri ya kuharakisha. Nikaharakisha. Nusura nimuue.

Nimeliweka hapo juu kwa sababu kila nilipojaribu kuanza kwingine nilijikuta najitetea.

Kabla ya kuugua, baba alikuwa serangi bandarini, msimamizi wa kundi la makuli. Kazi yake ilikuwa sauti. Alisimama mahali pa kuonekana akaita, "Haya! Haya, vijana! Haya!" na magunia yakatembea. Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Alfajiri alikuwa akinivuta shuka na kusema, "Haya, changamka. Hapa ni Changamwe, watu huchangamka. Atakaye kulala na ahamie Nyali kwa matajiri." Kila siku aliucheka mzaha wake mwenyewe kana kwamba ameutunga asubuhi hiyo. Mimi nilicheka pia, lakini nilikua nikiamini kwamba kuchoka ni aibu, na kwamba mtu akichoka dawa yake ni kuongeza mwendo.

Kiharusi kilimkuta akinywa chai. Kikombe kilimtoka mkononi, akakitazama kilipoanguka kama mtu anayeshangaa mkono wa mwenziwe. Upande wa kulia ulikufa. Hospitali walituambia kwamba hata koo limeshikwa, na hapo ndipo pa hatari zaidi. Muuguzi mmoja alituketisha, mimi na dada yangu, akatueleza polepole: mketisheni wima, kijiko kiwe kidogo, mkimpa subirini mwone koo limepanda na kushuka, ndipo mumpe kingine. Akipaliwa vibaya chakula kitaingia mapafuni apate nimonia, na mwili huu hauna nguvu ya kupigana na nimonia. Mkishindwa kumlisha kwa mdomo, atarudishiwa mpira wa kulishia.

Mpira huo ulipitia puani hadi tumboni. Siku za mwanzo wodini baba aliung'oa kwa mkono wake mzima, ukarudishwa, akaung'oa tena, wakamfunga mkono kwenye chuma cha kitanda. Serangi, amefungwa mkono. Tulipotoka naye pale, nilijiapiza kwamba baba atakula kwa mdomo wake na hatafungwa tena.

Dada ni mkubwa wangu. Anaishi Kisauni na watoto wake, na anafanya kazi za ndani katika nyumba moja kule Nyali. Siku zake za mapumziko ni chache. Mimi sina mke wala mtoto, na kazi yangu iko nyumbani: natengeneza simu kwenye meza barazani. Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Nilifungua simu mbovu, nikaziharibu zaidi, nikatazama video, nikafungua nyingine. Kwa hiyo tulikubaliana baba akae nami, na nikaamua kujifunza kumuuguza vilevile, peke yangu, bila kukosea.

Uji wa wimbi niliuchuja kwa kitambaa. Nikiona donge moja namwaga sufuria nzima naanza upya. Shuka ikiwa na kunyanzi naitoa. Nilimgeuza ubavu kila mara ili asipate vidonda vya mgongo, na nikishamgeuza narudi kuangalia kama nimemgeuza sawasawa. Katikati ya hayo kulikuwa na simu za watu, nazo sikukubali kumrudishia mtu simu yenye hata alama ya kidole ndani ya kioo. Usingizi ukawa kitu ninachokipata vipande vipande. Mikono ikaanza kutetemeka, na fundi simu mwenye mkono unaotetemeka hana kazi.

Hapo ndipo muguka ulipoingia, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi. Kibanda kilikuwa barabarani, pale malori yanapopanga foleni kwenda bandarini Kipevu, na wateja wake wengi ni madereva wasiotaka kulala kwenye usukani. Nilinunua majani hayo pamoja na njugu za kutafunia, nikasema ni kwa wiki hii tu. Ile handasi, ule mchangamko wa majani, iliponishika nilihisi nimepewa mwili mpya. Macho yalikuwa wazi, mkono umetulia, skrubu ndogo kama chembe ya mchanga nikaziona kubwa.

"Fundi, sasa umekuwa mtu," mwenye kibanda aliniambia baada ya siku chache. "Zamani ulikuwa ukipita hapa kama umebeba kontena."

"Namuuguza mzee," nikasema.

"Basi chukua na ya mzee!" Madereva wakacheka. Nilicheka nao.

Majirani pia waliniambia nimechangamka. Wateja walisema hivyohivyo. Niliwaamini wote, maana hata mimi nilijiona nina nguvu. Sikujua kwamba kulikuwa na kitu kimoja ambacho zile nguvu zilikuwa zikikila, nacho ni uwezo wa kungoja. Niliweza kukaa mezani kutwa nzima nikachomea nyaya nyembamba kuliko unywele, lakini kungoja koo la mtu mmoja lipande na kushuka sikuweza. Kijiko kiko mkononi, akili iko barazani kwenye simu iliyokataa kuwaka. Nilitazama bakuli. Nilikuwa napima kilichobaki.

Baba akisema, "Haya," namsikia serangi. Naleta kijiko kingine.

"Haya."

Naongeza mwendo. Akigeuza uso nadhani anadeka. Akitokwa na machozi namfuta na kuendelea. Akikohoa nasema moyoni kwamba wagonjwa hukohoa. Nilikuwa nikijivunia, naona haya kulisema, kwamba bakuli lilikuwa likiisha haraka kuliko zamani.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Dereva mmoja alikuwa amesimama barazani akisubiri simu yake, lori lake liko kwenye foleni, na kila mara alichungulia mlangoni.

"Fundi! Foleni inasonga, bwana!"

"Nakuja, nakuja. Namalizia."

"Haya," baba akasema. Kisha kwa nguvu zaidi, "Haya. Haya!" Akapiga godoro kwa mkono wake mzima. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba ananifokea kama alivyokuwa akinifokea: mteja anangoja, changamka. Kile kilichobaki bakulini nilimpa kijiko juu ya kijiko, kama mtu anayejaza tangi.

Akapaliwa. Uso ulibadilika ukawa wa kijivu, na macho yakawa makubwa yakinitazama mimi. Nilimlaza ubavu, nikampiga mgongoni, uji ukatoka puani. Dereva aliingia bila kuitwa akanisaidia kumshika, hakusema neno juu ya simu yake. Pumzi ilirudi. Lakini kufikia jioni baba alikuwa na homa, na kifua kilikuwa kikitoa sauti kama sufuria inayotokota.

Hospitali daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akauliza, "Nani humlisha?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Afadhali angenitukana.

Mpira ukarudi puani. Mkono ukafungwa kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda, mkono uleule. Baba alinitazama nikiwa nimesimama hapo, akasema, "Haya." Sikujua aniambia nini. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kutojua, na huenda huo ndio ulikuwa mwanzo wa kusikia, ingawa wakati ule haukuwa na ladha ya mwanzo wa kitu chochote.

Wodini sikuwa na muguka. Nilidhani nitavumilia. Siku ya pili nilikuwa nimekaa sakafuni ukutani nikilia kwa sababu chai ilimwagika. Nilitaka kulala nikashindwa, na usingizi ulipokuja ulikuja kama kuangushwa, muuguzi akanitikisa nisimzibie njia. Kuna simu huletwa mezani kwangu ambazo betri imevimba. Kwenye kioo zinaonyesha zimejaa kabisa. Ukipiga namba moja tu, zinazima. Nimewaeleza watu wengi ugonjwa huo kwa sauti ya mtaalamu.

Dada aliomba ruhusa kazini akaja. Baba alipopata nafuu kidogo, mpira ulitolewa kwa majaribio. Muuguzi akasema tumpe uji vijiko vichache, na kama akipaliwa hata mara moja mpira unarudi, na safari hii hajui utatoka lini. Nilinyoosha mkono kuchukua bakuli. Dada alishalichukua.

Alikaa kitandani karibu kabisa na baba, akaanza kumsimulia habari za nyumba anayofanya kazi, kwamba mbwa wa pale hupikiwa nyama na mchele wake peke yake, na juzi mbwa amesusa.

"Wallahi, baba, amesusa! Ati mchele umelainika sana."

Baba akatikisika kidogo kwa upande ulio hai. Alikuwa anacheka.

"Dada, kijiko kimejaa," nikasema.

"Nyamaza we. Huyu ni babangu pia."

"Na uji una madonge, sijui umeuchuja na nini."

"Nimeuchuja na macho."

Baba akasema, "Haya." Dada akarudisha kijiko bakulini, akaweka mikono mapajani, akatulia.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza. "Amesema haya."

"Ndiyo nimeacha."

"Anataka uendelee."

Dada aligeuka akanitazama kwa namna ambayo hadi leo sijaisahau. Hasira ilikuja baadaye. Kwanza alishangaa.

"Nani amekwambia? Hiyo ni haya basi. Yatosha, ngoja, nipumue. Husikii sauti inavyoshuka?" Akaisema yeye: haya, ikashuka mwishoni kama mtu anayetua mzigo. "Ulipokuwa mdogo ukimng'ang'ania akubebe, akichoka alikuwa akisemaje? 'Haya.' Akakuweka chini. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikumbuka mpaka harufu ya shati lake.

Tulingoja. Koo la baba lilipanda, likashuka, likapanda tena tupu. Kisha akasema, "Haya," na sauti ikaishia juu, na mdomo ukafunguka. Dada akachukua kijiko.

"Hiyo sasa ndiyo yako wewe," akaniambia. Baadaye kidogo, bila kunitazama: "Kwani ukimlisha humwangalii usoni?"

Nilitoka nje nikasimama penye mabomba ya kunawia. Sikunawa. Nilikuwa nikizisikia zote, haya za miezi yote ile, zikinipitia moja moja zikishuka mwishoni. Alikuwa akiniomba nisimame. Kila alipoomba niliongeza kijiko.

Nilimwambia dada habari ya muguka siku hiyohiyo. Alikuwa anaosha bakuli.

"Najua," akasema. "Midomo imekukauka, mashavu yameingia ndani, wazungumza kama redio. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Nilitaka nipate nguvu."

"Nguvu gani? Wataka tumzike baba, halafu tukurudie wewe?" Kisha akashusha sauti isimfikie mgonjwa wa kitanda cha pili. "Umechoka, mdogo wangu. Sema tu umechoka. Ni neno dogo."

Sikuweza kulisema. Nilifungua mdomo, neno likakataa, na kwa mara ya kwanza nikafikiri juu ya baba na mdomo wake.

Tulikubaliana kwamba baba akiruhusiwa kurudi nyumbani, dada atakuja jioni kadhaa akitoka kazini, na siku zake za mapumziko atakuwa kwetu na watoto. Sharti lake lilikuwa moja: akiwa na baba, mimi nisisimame nyuma yake. Uji ukiwa na madonge, uwe na madonge. Sharti hilo lilinishinda kuliko kuacha muguka, na kuacha muguka kulinishinda vya kutosha. Wiki za kwanza nilikuwa mzito kama gunia lililolowa. Simu za watu zilikaa. Wengine walizichukua wakaenda kwa fundi mwingine, na hilo nililihesabu kama kufa.

Nilijaribu pia zile video za kutuliza akili. Sauti laini iliniambia nifumbe macho, nivute pumzi, niione bahari tulivu. Bahari ninayoijua mimi ni ya kivuko cha Likoni, watu bega kwa bega na mtu na baiskeli yake ya mikate, kwa hiyo nilianza kusukumana mle kichwani. Nikahamia kuhesabu pumzi. Nikipoteza hesabu naanza upya, nikipoteza tena najitukana. Niligeuza utulivu kuwa mtihani na nikawa naanguka kila siku. Nikaacha.

Kilichobaki kilikuwa koo la baba.

Simu naizima na kuiweka chumba cha pili. Naketi kwenye stuli mbele yake, magoti yetu yakikaribiana. Nampa kijiko, kisha natazama pale kwenye shingo yake nyembamba ambapo kifupa cha koo hupanda. Mpaka kipande na kushuka, sina kazi nyingine duniani. Malori yananguruma barabarani, jirani anamgombeza mtu, adhana inaanza msikiti mmoja na mwingine unaufuata. Akili inakimbia kwenye meza yangu, na koo bado halijapanda, kwa hiyo inanibidi nirudi. Inakimbia tena. Narudi tena. Sitaki kusema kwamba ni amani. Mara nyingi inachosha macho tu, na mara nyingine ni hofu tupu, kwa sababu nimeuona ule uso wa kijivu na najua uko karibu.

Lakini siku moja nilisimama kutoka kwenye stuli nikiwa na bakuli mkononi, nikagundua kwamba sijachoka. Niliogopa. Nilirudi kuangalia kama nimesahau jambo. Tulikuwa tumekaa pale muda mrefu kuliko nilivyokuwa nikikaa zamani, na zamani nilikuwa nikitoka mle chumbani hoi. Nguvu hii haikufanana na handasi. Haikunisukuma popote. Ilitosha kuosha bakuli, kwenda barazani, kufungua simu moja na kuimaliza. Siku nyingine haiji kabisa, na sijagundua njia ya kuilazimisha.

Kwa kumtazama nimejifunza haya zake. Iko inayopanda, nayo ni lete. Iko inayoshuka, ni basi. Iko ndefu anayoisema adhana ikisikika, sijui kama ni kuitikia au ni huzuni ya kutoweza kusimama. Na iko moja fupi, isiyo na pumzi, ambayo huisema nikimwogesha, huku mkono mzima ukivuta kikoi. Hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Haikuwa lete wala basi. Ilikuwa neno lenyewe, haya, kama tulivyofundishwa utotoni kwamba mtu awe nayo. Nilikuwa nikimwogesha baba yangu kama kioo cha simu kwenye taa. Siku hizi namfunika, namwomba ruhusa, natazama ukutani, na mkono wangu unafanya kazi chini ya nguo.

Kabla ya siku ile ya dereva, baba aliweza kusimama akishika ukuta. Sasa hawezi. Daktari amesema mapafu yamebaki na makovu. Akilala anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Hilo nimelifanya mimi, na hakuna kijiko cha polepole kitakacholirudisha.

Juzijuzi mtoto wa dada aliugua, dada akakosa kuja siku nyingi mfululizo, na mimi nikaenda kibandani.

"Fundi! Tulidhani umekufa!" mwenye kibanda akasema, akanifungia majani kabla sijataja.

Nilitafuna kidogo tu, nikaingia kumlisha baba na mengine yako shavuni. Akasema haya inayoshuka. Kijiko kilikuwa njiani. Niliusikia mkono wangu unavyotaka kuendelea, nikaurudisha kwa nguvu kama mtu anayevuta mlango. Baba alikuwa akinitazama shavu. Nilitoka nikatema, nikasukutua, nikarudi kwenye stuli. Uji ulikuwa umepoa. Nikampigia dada simu, nikamwambia, "Nimechoka." Akasema, "Haya, naja." Hiyo yake pia niliisikia vizuri.

Siku ya kurudi kliniki muuguzi alitaka kuona nikimlisha. Aliketi pembeni, akatazama koo kama ninavyolitazama mimi. Baba alikula nusu kikombe, akasema haya inayoshuka, nikaweka kijiko chini. Hakukohoa.

"Mpira hauhitajiki," akasema. "Kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

Alimfunika baba miguu.

Ndivyo tulivyo. Baba hatembei wala hajapata neno jingine, na kifua chake kinazidi kuwa kibovu. Bado anakula kwa mdomo, na mkono wake haujafungwa tena. Mimi situmii muguka. Simu za watu zinachelewa, na nyingine zinatoka na alama ya kidole ndani ya kioo. Nikichoka nasema. Baba akisema haya, naweka kijiko chini kwanza, kisha namwangalia usoni nijue ni ipi.